Nimesimama Waterloo sikuhisi kitu, maigizo ya vita ndiyo yakaniliza. Tatizo ni langu?

#1 Mpitanjia
Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Nina ugonjwa wa kutembelea viwanja vya vita vya zamani, mwaka wa nane huu. Mwaka juzi nikafika Waterloo, Ubelgiji, pale Napoleon aliposhindwa. Nilikuwa nimesoma mpaka macho yanauma: tarehe 18 Juni 1815, mvua ya usiku wa kuamkia vita, Napoleon kungoja ardhi ikauke asubuhi ile, yote nilikuwa nayo kichwani. Nikapanda ngazi zote 226 za kile kilima chenye sanamu ya simba, nikasimama juu, nikatazama. Mashamba. Barabara. Magari yanapita. Nikashuka, basi.

Miezi michache baadaye nikaenda kuangalia maigizo ya vita vya enzi hizo hizo, tena mahali ambapo hapakuwahi kupigwa vita yoyote. Watu wazima wamevaa sare za kushona, magobore, mizinga ya kulipua baruti tupu. Nililia, mbele za watu, na miwani yangu ikajaa ukungu.

Inakuwaje mahali penyewe palipokufa watu pasiniguse, halafu mchezo uniguse? Naomba kuwasilisha.

#2 Kigoda
Nimevuta kiti hapa mbele. Wajuzi njooni.

#3 MzeeWaRamani
Mleta uzi, tatizo si lako, ni kilima. Kile kilima hakikuwepo siku ya vita. Kilikamilika 1826, kuadhimisha mahali alipojeruhiwa mwana wa mfalme wa Uholanzi. Na udongo wa kukijengea ulichotwa kwenye ule ule mgongo wa ardhi ambao Wellington, jenerali wa Waingereza, aliwaficha askari wake nyuma yake. Kwa hiyo ulipanda juu ya kitu kilichoula uwanja wenyewe, ukautafuta uwanja kutokea juu yake. Inasimuliwa kwamba hata Wellington aliporudi alilalamika kwamba wamemharibia uwanja wake.

Halafu uwanja wa vita hausomwi kutoka juu. Rudi, anzia upande wa Wafaransa pale La Belle Alliance, tembea kwa miguu kuelekea Mont-Saint-Jean, upande wa Wellington. Kila hatua mia ardhi inakuficha kitu na kukufunulia kingine. Ukifika utaelewa kwa nini mtu alitembea akidhani mbele hakuna mtu.

#4 BarutiMbichi
Mimi ni mmoja wa hao watu wazima wa sare za kushona. Mwaka wa kumi na moja huu natembea na gobore.

Maelezo yangu ni ya mwili tu. Kitabu hakina moshi, na uwanja mtupu hauna moshi. Baruti ya kale ikipigwa mikupuo mitatu mfululizo na hakuna upepo, humwoni adui, na hata mwenzio wa safu ya nyuma unamjua kwa kikohozi. Ndipo unaelewa kwa nini walivaa nyekundu na buluu za kung'aa badala ya kujificha, kwa nini kulikuwa na ngoma na bendera kubwa kama shuka. Mzinga nao hauuliziwi masikio, unakupiga kifuani. Mleta uzi kifua chake kilielewa kabla ya kichwa.

#5 SinaImani
Mnadanganyana hapa. Baruti bila risasi ni fataki, na mtu akishtuliwa na fataki akalia haina maana ameielewa vita.

Nimeangalia maigizo manne. Yote manne safu mbili zinasimama hatua hamsini, zinapigana mkupuo wa kwanza, hakuna anayeanguka. Mkupuo wa pili, hakuna. Wa tatu, mmoja, tena chini ya mti. Hiyo ndiyo vita iliyokuliza, mkuu?

#6 BarutiMbichi
SinaImani umeua 😂 lakini ni kweli. Mtu amesafiri siku nzima, ameshona vifungo thelathini kwa mkono, anaingia uwanjani saa nane mchana, unataka afe saa nane na dakika tatu? Sisi tunagawana vifo asubuhi kwa kura. Walioshika karatasi zenye alama wanakufa mapema. Wengine wanakufa risasi zikiwaishia. Na ndiyo, kivuli kinaua sana kuliko mizinga.

Jambo moja usilolijua: hatulengi watu. Mtutu unapanda juu kidogo ya vichwa, na mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, hauchomolewi kabisa wakati wa mapigano, kwa sababu mtu akiusahau ndani ya mtutu unatoka kama mkuki. Kwa hiyo unachokiona ni askari ambao hawashindilii na hawalengi. Najua. Ila watu mia tatu hawawezi kukodi hifadhi ya maiti ili SinaImani aridhike.

#7 ShangaziKumbukumbu
Wanangu, mbona mnagombana mapema hivi.

Mimi nasema ni saa. Nilifika Omaha, pwani ya Normandy, Ufaransa, mara ya kwanza mchana, maji yamejaa. Nikaona kijipande cha mchanga, nikajiuliza ndiyo hii iliyowashinda? Nikaenda zangu kwenye makaburi pale juu Colleville, misalaba zaidi ya 9,000, hapo nikanyamaza, lakini ufukweni sikuona kitu. Kesho yake nikarudi alfajiri maji yamekupwa. Nikatembea mpaka yalipo maji, kisha nikageuka nyuma. Mita kama mia tatu za mchanga mtupu hadi kwenye kingo. Tarehe 6 Juni 1944 Wamarekani waliteremka maji yakiwa chini kwa makusudi, waweze kuviona vizuizi vya Wajerumani, na bei ya kuviona ilikuwa kuutembea mchanga huo wote. Nilikaa chini, nguo zikalowa.

Mwanangu Mpitanjia, ulifika Waterloo saa ngapi na mwezi gani? Juni ngano imesimama kiunoni. Enzi hizo ilikuwa ndefu zaidi.

#8 Mpitanjia
Shangazi shikamoo. Nilifika Februari. Sasa naanza kujiona mjinga.

#9 ShangaziKumbukumbu
Marahaba. Si ujinga, ni tiketi za bei nafuu.

#10 Chapakazi88
Mimi nimewahi kuona maigizo ya Gettysburg, ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Kaskazini na Kusini, pale pale ndani ya hifadhi, ule uwanja waliokufa watu 51,000 kwa siku tatu. Nywele zilinisimama. Kwa hiyo mahali na mchezo vinaweza kwenda pamoja.

#11 MzeeWaRamani
Chapakazi, marekebisho mawili, usinune.

Moja: hao 51,000 ni jumla ya waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, Julai 1 hadi 3, 1863. Waliouawa pale pale ni kama 7,000 hivi. Wengi walikufa baadaye kwa majeraha.

Mbili: hukuona maigizo ndani ya hifadhi. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani hairuhusu pande mbili kupigana vita vya kuigiza kwenye ardhi yake, wala watu kujifanya maiti. Walijaribu Bull Run, uwanja mwingine wa vita hivyo, mwaka 1961, miaka mia ya vita ile, lawama zikawa nyingi. Wanachoruhusu ni maonyesho: watu wa sare, kambi, kupiga bunduki kuelekea kusiko na mtu. Mapigano yenyewe huwa kwenye mashamba ya watu binafsi jirani.

#12 Chapakazi88
Nimepekua picha. Ni shamba. Kuna trekta nyuma ya Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la Kusini. Nimenyoosha mikono.

#13 SinaImani
Kwa hiyo nywele zilimsimama kwenye shamba la mahindi 🤣

#14 BarutiMbichi
Hiyo ni sheria ya Marekani tu lakini. Uingereza, kila Oktoba vinaigizwa vita vya Hastings vya 1066 kwenye mteremko ule ule ulio chini ya magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa, na mtunzaji wa mahali hapo ndiye anayeandaa.

#15 Kigoda
Ule ule, una hakika? Nimesoma kuna watu wanasema Harold, mfalme wa Waingereza, aliuawa kilima kingine kabisa, kwa sababu pale hapajapatikana hata mfupa.

#16 MzeeWaRamani
Wapo wanaosema hivyo, Caldbec Hill na kwingineko. Lakini chuma cha miaka 950 kwenye udongo wenye tindikali usitegemee kukikuta, na abasia ilijengwa pale kwa amri ya mshindi mwenyewe. Mimi nabaki na abasia. Ukosefu wa mifupa si ushahidi sana. Hata Waterloo, vita ya juzi tu, mifupa haionekani.

#17 Kigoda
Subiri. Haionekani vipi? Si walikufa maelfu?

#18 MzeeWaRamani
Zaidi ya elfu kumi. Na waakiolojia wamepata mifupa kamili ya watu wachache mno. Mmoja alionekana 2012 wakati wa ujenzi karibu na kilima cha simba, mwingine 2022 pale ilipokuwa hospitali ya vita Mont-Saint-Jean, pamoja na miguu iliyokatwa na mifupa ya farasi. Waliobaki hawapo.

#19 TabibuWaMeno
Meno najua yalikoenda. Yaling'olewa vinywani yakauzwa kutengenezea meno ya bandia. Kwa miaka mingi Uingereza meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa meno halisi yaliitwa "meno ya Waterloo", na watu waliyataka maana yalitoka kwa vijana wenye afya.

#20 Kigoda
Nilikuwa nakula.

#21 Pembe_ya_Nyati
Mifupa ilisagwa mbolea. Magazeti ya Uingereza ya 1822 yaliandika kwamba mifupa ya viwanja vya vita vya Ulaya inashushwa kwa meli bandarini Hull, inasagwa, inauzwa kwa wakulima.

#22 MzeeWaRamani
Hiyo ni mojawapo. Watafiti wengine miaka ya karibuni wanaelekeza kidole kwenye sukari. Ubelgiji walianza viwanda vya sukari ya viazisukari miaka ya 1830, na sukari ilisafishwa kwa makaa ya mifupa. Mifupa ikapanda bei, na wakulima walijua vizuri makaburi ya pamoja yalipo. Wa tatu wanasema miili mingi ilichomwa, kama ilivyofanyika shambani Hougoumont. Naona yote matatu yana ukweli ndani yake, kiasi gani ndipo pagumu.

#23 SinaImani
Mleta uzi umepata jibu. Hukuhisi kitu Waterloo kwa sababu walishanywewa na chai.

#24 ShangaziKumbukumbu
SinaImani wewe mtoto.

#25 Pembe_ya_Nyati
Turudi kwenye mada. Mleta uzi nenda Isandlwana, Afrika Kusini, kisha uje useme hukuhisi kitu. Hakuna kilima cha kujengwa. Kuna mlima wenyewe, peke yake kama mnyama aliyelala, na marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, kila rundo ni kaburi. Unayafuata kwa macho yanavyotawanyika kambini, kisha yanavyoshuka kuelekea mtoni, yakipungua. Huhitaji mtu wa kukueleza walikimbilia wapi na walifikiwa wapi. Tarehe 22 Januari 1879, Waingereza na askari wao wa Kiafrika zaidi ya 1,300 waliuawa pale na Wazulu, na mchana huo huo jua likapatwa.

#26 Chapakazi88
Hapo najua! Walishindwa kwa sababu masanduku ya risasi yalifungwa kwa skrubu na bisibisi hazikutosha.

#27 MzeeWaRamani
Chapakazi tena 😄 Sanduku lile lilikuwa na kifuniko cha kuteleza katikati, kimeshikwa na skrubu moja. Ukikipiga na kitako cha bunduki kinaachia. Shida kubwa ni kwamba safu ya ulinzi ilipangwa ndefu na mbali mno na kambi, kisha Lord Chelmsford, mkuu wa jeshi la Waingereza, alikuwa ameondoka alfajiri na karibu nusu ya jeshi kumtafuta adui upande ambao adui hakuwepo. Na hawakuzungushia kambi magari yao ya ng'ombe.

#28 BarutiMbichi
Ongeza bunduki zao zenyewe, Martini-Henry. Zikipata moto risasi hukwama, na moshi ule ule niliosema. Huoni unachokipiga.

#29 Pembe_ya_Nyati
Wakuu, niwaulize. Skrubu, safu ndefu, Chelmsford, bunduki moto. Sababu zote ni makosa ya Waingereza. Hakuna hata mmoja aliyesema Wazulu walishinda kwa kuwa walipigana vizuri? Ntshingwayo, jenerali wao, alileta watu wapatao 20,000 karibu na kambi bila kuonekana, wakakaa bondeni kimya. Kifua, kikosi cha katikati, kikawashikilia mbele, pembe mbili, vikosi vya pembeni, zikazunguka. Hiyo ni kazi ya jeshi lililofunzwa. Bisibisi haiko humo.

#30 MzeeWaRamani
Nimekubali kipigo.

#31 Kigoda
Ni kama Adwa, Ethiopia, 1896. Kila mtu anakwambia Waitalia walikuwa na ramani mbovu, kilima kimoja kikaandikwa jina la kingine, kikosi cha Albertone kikasonga mbele mno peke yake. Ni kweli. Lakini pia mfalme Menelik alikuwa na watu kama 100,000 kwenye milima ile, wenye bunduki na mizinga. Ramani nzuri ingewasaidia kufahamu jina la kilima wanachofia.

#32 Chapakazi88
Na Tanga 1914 walishinda nyuki.

#33 Pembe_ya_Nyati
HAYA NDIYO NINAYOSEMA. Askari elfu moja hivi wa upande wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, waliwarudisha baharini watu 8,000, na sifa wakapewa nyuki!

#34 MzeeWaRamani
Nyuki walikuwepo kweli, ila waliuma pande zote mbili. Kilichowaponza zaidi Waingereza ni kutoa taarifa mjini kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha, kabla hawajashusha jeshi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata muda wa kuleta watu kwa reli.

#35 SinaImani
Swali kwa BarutiMbichi. Mkija kuigiza ile vita, nyuki anakuwa nani?

#36 BarutiMbichi
Wewe. Huna sare, unauma pande zote mbili.

#37 Kigoda
😂😂😂 uzi ufungwe

#38 Mpitanjia
Usifungwe, sijapata jibu. Na kuna kitu nilificha, maana niliona haya.

Mzinga haukuniliza, BarutiMbichi samahani. Ulinishtua tu. Vita ilikwisha, uwanja umejaa waliolala, watazamaji wameanza kukunja viti. Tarumbeta likapigwa polepole. Halafu wafu wakaanza kuinuka. Wanajipangusa majani, wanatafuta kofia. Kulikuwa na mzee mmoja goti limemgomea, na aliyempa mkono kumwinua ni yule yule wa upande wa pili aliyekuwa "amemuua". Wakaondoka wameshikana mabega, mmoja anachechemea. Hapo ndipo nilipoharibika.

#39 ShangaziKumbukumbu
Ah, mwanangu.

#40 BarutiMbichi
Tunakuita ufufuo. Nimekufa labda mara arobaini, na sijui kama niliwahi kuuwaza kwa namna hiyo. Ninachowaza nikiwa maiti ni siafu.

#41 MzeeWaRamani
Hilo liliwahi kutokea kwa waliopigana wenyewe. Gettysburg, Julai 1913, miaka hamsini baadaye, walikusanyika wazee zaidi ya 50,000 waliopigana pande zote mbili. Tarehe 3 wazee wa Kusini wakatembea kuelekea ule ukuta wa mawe waliouvamia ujanani, kutoka ng'ambo wazee wa Kaskazini wakanyoosha mikono juu ya ukuta wakawapokea. Sijui uyaite maigizo au nini.

#42 Pembe_ya_Nyati
Picha nzuri. Ila katika kukumbatiana kule, utumwa uliosababisha vita haukupewa nafasi. Ni rahisi kushikana mikono juu ya ukuta kama mmekubaliana kutozungumzia waliokuwa sababu ya ukuta. Hata maigizo ya leo yana ugonjwa huo: sare ya kila upande inapigwa pasi sawasawa, kana kwamba ilikuwa mechi.

#43 BarutiMbichi
Hilo ni kweli na linatugawa sisi wenyewe. Kuna wenzetu wa Vita vya Pili wanaovaa sare za SS, kikosi cha Wanazi, wakisema "lazima mtu awe adui". Kikundi changu kilipasuka kwa ajili hiyo. Mimi niko waliotoka.

#44 SinaImani
Mimi huo ufufuo ndio hasa unaonikera. Mpitanjia, bila kejeli safari hii. Nenda Verdun, Ufaransa, uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jengo la mifupa la Douaumont. Zunguka nje upande wa chini, kuna madirisha madogo. Chungulia. Mabaki ya watu wasiopungua 130,000 wasiojulikana majina, Wafaransa na Wajerumani wamechanganyika. Kisha shuka msituni kilipokuwa kijiji cha Fleury, uone ardhi mashimo mashimo zaidi ya miaka mia baadaye, na vibao vya kukukataza kutoka njiani kwa sababu ya mabomu. Hakuna wa kumpa mtu mkono pale. Ukitoka hapo mchezo wa kuinuka utauona kama uongo wa kumbembeleza mtoto.

#45 Mpitanjia
Labda nililia kwa sababu hiyo hiyo. Nilijua ni uongo.

#46 SinaImani
Basi hatujapingana, na mimi siipendi hali hiyo.

#47 Kigoda
Mimi nauliza tu, na watazamaji je? Bull Run ya kweli, 21 Julai 1861, watu wa Washington walitoka na magari ya farasi na vikapu vya chakula na darubini kwenda kutazama vita. Jeshi la Kaskazini lilipokimbia, likakimbilia walikokuwa wao, mbunge mmoja akatekwa. Kwa hiyo viti vya kukunja vina historia ndefu. Huenda Mpitanjia alilia kama mtazamaji aliyeruhusiwa kurudi nyumbani.

#48 ShangaziKumbukumbu
Hiyo nitalala nayo.

#49 Mpitanjia
Ahsanteni wote. Nimekata shauri, narudi Waterloo Juni, asubuhi, kwa miguu, sipandi kilima. Mzee, nitumie ramani faragha.

#50 MzeeWaRamani
Ya kabla ya kilima au baada?

#51 Mpitanjia
Ya kabla.

#52 BarutiMbichi
Ukipitia kwenye maigizo beba vizibo vya masikio. Pamba haitoshi. Na usikae upande upepo unakoelekea, utatoka mweusi kama sufuria.

#53 MgeniLeo
Habari wakuu, nimesoma uzi wote mwanzo mwisho. Sijaelewa, hao nyuki walikuwa upande gani?